Blanketi la Mwenzake

Tarehe tisa mwezi wa tano nilimpoteza mwanangu wa kwanza. Alikuwa mvulana. Alimtangulia dada yake kuzaliwa kwa muda mfupi tu, na wote wawili walikuja mapema mno, wadogo hata kofia za watoto wachanga ziliwafunika macho. Wodini, mashine ya kuwapa watoto joto iliyokuwa na nafasi ilikuwa moja. Sista wa zamu aliwatazama wote wawili, akamtazama daktari, kisha akamweka msichana ndani kwa sababu ndiye aliyekuwa amechoka zaidi kupumua. Mvulana alifungwa kwenye kifua changu kwa leso, ngozi kwa ngozi, nimpe joto langu. Nilimpa. Siku hiyo ya tarehe tisa, mchana, wakati akina mama wengine wakila, alivuta pumzi na hakuvuta nyingine.

Simlaumu sista. Ningekuwa yeye ningechagua vivyo hivyo.

Mama mkwe wangu alifika kutoka nyumbani kwetu kando ya ziwa kabla sijaruhusiwa kutoka hospitalini. Alinikuta nimefunika uso kwa shuka. Aliivuta ile shuka.

"Wewe, nyamaza. Unamlilia nani?"

"Mama, mtoto amekufa."

"Pacha hafi. Ameruka tu, kama ndege. Ukimlilia, huyu aliyebaki atasikia, atataka kwenda kuona kuna nini huko."

Nikanyamaza. Kwetu ndivyo ilivyo na mapacha. Hawaliliwi. Mvulana alizikwa bila nyimbo, bila watu, na mimi nikiwa bado kitandani karibu na ile mashine nikihesabu pumzi za dada yake kwenye kioo.

Miezi iliyofuata niliishi katika nyumba yetu ya mjini, mtaa wa Munyaka, mbali na ziwa, nikiwa na hofu ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Binti yangu alikuwa na kifua kibovu. Akipumua ilisikika kama mtu anayekunja karatasi polepole. Ikinyamaza sauti hiyo niliacha ninachofanya, hata kama mafuta yako motoni, nikaenda kuweka kiganja puani mwake. Kila mwezi nilimpeleka kliniki pale pale alipozaliwa, na kila mwezi daktari alisikiliza kifua, akasema turudi.

Mama mkwe alibaki kwetu. Yeye ndiye aliyeweka sheria za nyumba. Vitu vya mtoto vilinunuliwa viwili viwili: sweta mbili, sahani mbili, vijiko viwili. Cha mvulana kilikaa kando ya cha dada yake, hakikuguswa. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na si mtu wa maneno, alisema hayo ni mambo ya zamani. Lakini nilimwona akirudi kazini na soksi, na zilikuwa pea mbili.

Mimi ni mtu wa kanisa. Sijui kama niliamini. Najua niliogopa, na mtu akiogopa vya kutosha haulizwi kama anaamini.

Kulikuwa na jambo moja lililoniuma kuliko hayo yote. Kwetu mama wa mapacha hutukanwa. Wageni wakileta zawadi husimama mlangoni wakamwambia ana miguu kama ya meza, ana tumbo kama mtungi, na yeye huwarudishia, na watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Hiyo ndiyo namna ya kuwakaribisha mapacha, na asiyetukana ni kama hakuja. Mimi walinijia wakiwa wameinamisha vichwa. Waliongea kwa sauti ya chini, wakaacha sukari na sabuni mezani, wakaenda. Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa mama wa mapacha ambaye kila mtu alikuwa na adabu naye.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa pale yule sista wa zamu alipopiga simu. Ni mwanamke wa huku huku, baba yake ana shamba upande wa Kiplombe, na huongea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

"Mama toto, kuna mgeni mkubwa. Anakuja kufungua wodi mpya ya watoto wachanga. Wametaka mama mmoja aongee, mwenye mtoto aliyepona. Nimetoa jina lako."

Mgeni alikuwa mke wa kiongozi wa nchi. Sitasema yupi wala mwaka gani, kwa sababu alinitendea vizuri na sitaki mtu ageuze jambo hili liwe siasa. Sisi tulimjua kama kila mtu alivyomjua: kwenye picha za ukutani, amesimama hatua moja nyuma ya mume wake, na kwenye taarifa ya habari, leo yuko kaunti hii anapanda miti na wanafunzi, kesho yuko ile anakula na wajane. Afya ya akina mama na watoto wachanga ndiyo kazi aliyokuwa ameichukua. Mashine mpya zilikuwa zimepatikana kwa sababu yeye aliomba watu. Hilo ni kweli na lazima niliseme.

Kabla ya siku yenyewe tuliitwa kufanya mazoezi. Afisa mmoja kutoka ofisi za kaunti, mwanamke kijana mwenye simu mbili, alinisimamisha mbele ya viti vitupu.

"Sema hivi, Mama: Nina mtoto mmoja, msichana, na yuko hai kwa sababu ya hospitali hii. Asante Mama wa Taifa. Basi. Fupi, tamu."

"Walikuwa wawili," nikasema.

Alinitazama, na nikaona uso wake ukilegea kidogo. Hakuwa mtu mbaya.

"Pole sana. Lakini hiyo siku ni ya furaha. Mambo ya kufa yataharibu. Halafu watu wataanza kuuliza mashine zilikuwa wapi, sista atawekwa kikaangoni, na wewe bado unaleta mtoto kliniki hapa. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi tujaribu tena. Nina mtoto mmoja."

Nikasema. Nilisema mara kadhaa, mpaka akaridhika. Kila mara niliposema "mmoja" mikono yangu ilikuwa inatafuta mtoto mgongoni kuhakikisha bado ana joto.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe. Alikuwa anapepeta mchele. Alisimamisha ungo.

"Utasimama mbele ya serikali na watu wote, umfute?"

"Mama, ni maneno tu."

"Maneno tu? Mtoto ukimnyima sweta anakasirika. Ukimnyima sahani anakasirika. Sasa wewe unamnyima kuwa alizaliwa. Unafikiri atakaa huko peke yake aseme sawa? Atakuja kumchukua mwenzake wakacheze."

"Mama, usimtishe," mume wangu akasema.

"Wewe chomelea vyuma vyako."

Mimi nilienda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Nikikataa kwenda, sista aliyenitaja angeaibika, na mlango wa kliniki ungeweza kuwa mzito kwangu. Nikienda nikasema nilivyofundishwa, na kesho kifua cha binti yangu kikaziba, ningejua ni nani aliyekiziba. Niliomba. Nilimwomba Mungu amfanye mgeni apate shughuli nyingine. Siku yenyewe asubuhi binti yangu aliamka na kikohozi kipya, kikavu, cha juu juu. Mama mkwe alikisikia. Alivaa gauni lake la kanisa.

"Wewe hujaalikwa," nikamwambia.

"Mjukuu wangu amealikwa. Mimi ni miguu yake."

Tulifika mapema kama tulivyoagizwa. Kulikuwa na baridi ile ya asubuhi inayoingia mifupani, na baadaye jua likawa kali juu ya hema. Askari walizunguka na mbwa. Mmoja alifungua chupa yangu ya uji, akanusa, akaniambia nionje mbele yake. Nikaonja. Mbwa alipopita karibu, binti yangu alishtuka akakohoa hadi midomo ikabadilika rangi, nikampigapiga mgongoni huku nikitazama pembeni nione kama kuna anayeniona. Nilikuwa na hofu kwamba wataniondoa, na hofu kwamba hawataniondoa.

Mgeni alifika jua likiwa juu. Nilitegemea mtu mrefu. Alikuwa wa kimo changu. Alipita kwenye wodi mpya na wakubwa wakimfuata, na sisi tuliokuwa mlangoni tukamwona akiinama kwenye kila mashine, hata zile ambazo hazikuwa na mtoto. Alimuuliza sista jinsi ya kuifungua. Sista akaifungua. Mgeni akaweka mkono wake ndani, akauacha humo kwa muda, kama mtu anayepima maji ya kuogea mtoto.

Kisha hotuba. Wengi waliongea kumshukuru, na kila aliyemshukuru alianza kwa kuwashukuru wengine wengi. Niliona akibadilisha mguu mmoja kisha mwingine chini ya meza. Viatu vilikuwa vinambana, lakini juu ya meza uso ulikuwa unatabasamu vile vile. Nikafikiri: huyu naye amesimamishwa mahali akaambiwa atabasamu, kesho atasimamishwa kwingine. Mawazo hayo yalinipunguzia hofu kidogo tu, halafu nikasikia naitwa.

Nilipanda na mtoto mikononi. Maikrofoni ilikuwa na harufu ya mate ya watu wengine. Yule afisa alikuwa mbele yangu chini, midomo yake ikitamka pamoja na mimi.

"Nina mtoto," nikasema.

Neno lililofuata halikutoka. Nilisubiri litoke. Nilisikia kifua cha binti yangu kikikunja karatasi yake karibu na maikrofoni, na spika zikaipeleka sauti hiyo mpaka barabarani.

"Mama amezidiwa na furaha!" mwongoza shughuli akapaza sauti. "Tumpigie makofi! Makofi ya kilo!"

Watu wakapiga. Mgeni akainuka, akanijia na blanketi jipya, jeupe, laini, akalifungua na kumfunika binti yangu mwenyewe, akizikunja pembe vizuri. Wapiga picha wakasogea. Ilikuwa imeisha. Nilikuwa sijasema ukweli wala uongo, na nilifikiri labda nitapita katikati hapo nikarudi nyumbani.

Ndipo mama mkwe akasimama kutoka kiti chake cha plastiki.

"Na ya mwenzake iko wapi?"

Hakuhitaji maikrofoni. Amezoea kuita watu ng'ambo ya shamba.

"Mama, kaa chini," askari mmoja akasema.

"Nikae chini kwani nimechoka? Na wewe," akamnyooshea mgeni kidole, "wewe mwenye shingo ya korongo, umetoka huko kote na magari yote hayo, unaleta blanketi moja! Ulifikiri tumbo la mke wa mwanangu ni kopo, linabeba mmoja tu?"

Wenyeji wa huku walishika vinywa. Lakini kulikuwa na watu wetu pia katika lile hema, mafundi na walimu na wauza samaki, na mmoja wao nyuma alicheka kabla hajajizuia. Askari wawili walikuwa wameshamfikia mama mkwe. Mmoja alimshika juu ya kiwiko. Nikamwona jinsi alivyo mdogo kati yao. Nikamkumbatia mtoto kwa nguvu.

Mgeni aliinua mkono. Askari wakasimama walipo. Akaigeuza maikrofoni kando, akaniuliza mimi, kwa sauti ya kawaida:

"Mwenzake yuko wapi?"

Nilimwona yule afisa akitikisa kichwa polepole. Nilimwona sista mlangoni mwa wodi, mikono ameikunja juu ya tumbo. Nikamtazama binti yangu ndani ya lile blanketi jeupe. Nikasema:

"Walikuwa wawili, Mama. Mvulana ndiye alitangulia. Mashine ilikuwa moja, wakaweka huyu kwa sababu alikuwa na hali mbaya zaidi. Mvulana nilimshika mimi. Hakukaa. Sista alifanya vizuri, si kosa la sista." Halafu kwa sababu hofu ilikuwa inanisukuma niseme yote: "Na mama mkwe hakukukosea heshima. Kwetu anayewaletea mapacha zawadi lazima atukanwe. Ni kumkaribisha. Na ukileta lazima ulete mbili, hata kama mmoja hayupo. Mmoja akinyimwa anakasirika."

Alikuwa ananitazama kama anasikiliza bado.

"Nimeambiwa wewe una mtoto mmoja," akasema.

"Mimi pia niliambiwa hivyo."

Yeye alitoa pumzi puani, kama anayetaka kucheka na hawezi hapo alipo. "Mimi pia huandikiwa," akasema chini. "Kila mahali."

Akamgeukia mkubwa wa hospitali. "Leo mashine hizi zikijaa, mtoto atakayezidi atawekwa wapi?"

Mkubwa alianza kusema kuhusu mipango. Akaishia katikati. Hakuna aliyemsaidia.

Msaidizi wa mgeni alinong'ona kwamba mablanketi yamegawanywa kulingana na akina mama waliopangwa. Mgeni akasema atalingojea blanketi lingine akiwa amesimama pale pale. Akasimama. Watu wote ikabidi wasimame. Wakati wa kungoja alishuka mwenyewe mpaka kwa mama mkwe, na wale askari wakamwachilia mkono.

"Nimetukanwa. Sasa mimi narudisha?"

"Kama unaweza," mama mkwe akasema, kidevu juu.

Mgeni akamwangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Wewe bibi mwenye meno mawili unadai blanketi mbili. Kila jino linataka la kwake?"

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini bila kuambiwa. Nyuma, watu wetu wakapiga vigelegele. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama blanketi la pili likija, limebebwa juu ya vichwa kutoka garini. Mgeni akalipokea, akaliweka juu ya bega langu lililokuwa wazi, akalikunja pembe kama alivyokunja la kwanza, ingawa halikuwa na mtu ndani.

Kisha muziki ukawekwa na magari yakaondoka.

Jioni hiyo taarifa ya habari ilionyesha mgeni akimfunika binti yangu. Baada ya hapo walionyesha jengo. Mama mkwe hakuonekana. Mume wangu alizima televisheni, akasema pengine ni afadhali.

Siku zilizofuata sikulala vizuri. Gari jeupe likipunguza mwendo nje ya lango la ploti, nilisimama. Simu ya namba nisiyoijua ikilia, nilimpa mume wangu apokee. Yule afisa alipiga mara moja. "Mama, umeniweka pabaya," akasema. Nikamwambia naelewa, pole. Kisha akauliza kikohozi cha mtoto kinaendeleaje, nikamwambia bado kipo. Hakupiga tena. Nilikuwa na hakika kwamba sista amefukuzwa au amehamishwa mbali, na sikuwa na ujasiri wa kumpigia kuuliza.

Kikohozi hakikuondoka. Mama mkwe alisema amefanya sehemu yake na sasa ni kazi ya dawa. Alipakia vitu vyake, akarudi kwa kuku wake. Alipoondoka nyumba ilinyamaza, na nikaanza tena kuacha mafuta motoni.

Siku ya kliniki nilimvika binti yangu sweta yake. Nilichukua mablanketi yote mawili. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama watanipokea. Kwenye dirisha la mapokezi kulikuwa na kijana nisiyemjua aliyeniuliza, bila kuinua macho, nina watoto wangapi. Nikasema wawili. Akaandika.

Nilikaa kwenye benchi. Mlango wa wodi mpya ulifunguliwa, akatoka sista. Alikuwa na sare ile ile, mwendo ule ule wa haraka. Aliniona, akasimama. Alitazama blanketi lililomfunika mtoto, akatazama lile la begani kwangu. Akakaribia, akainama sikioni mwangu kama mtu anayejifunza kitu kipya na hataki kukosea mbele za watu.

"Mama mapacha," akasema, "una makalio kama gunia la mahindi ya serikali."

Nikamwambia, "Na wewe una masikio kama milango ya ghala."

Alishika mdomo. Tulicheka wote wawili bila sauti, pale kwenye benchi, na mimi machozi yakanitoka, nikayafuta haraka kwa ncha ya blanketi la begani kwa sababu ya katazo la mama mkwe.

Tukaitwa ndani. Daktari akamvua binti yangu sweta, akaweka kile chombo chake baridi kifuani, upande mmoja, kisha upande mwingine. Alisikiliza kwa muda mrefu. Akakivua masikioni, akasema turudi mwezi ujao.